Kabla ya kunipimia Bitcoin, geuza gorogoro nione kitako

Hebu soma hii namba pole pole: 0.00000775.

Hiyo ni soo moja. Shilingi mia. Ndiyo binamu yangu, mtoto wa senge, aliona kwa simu yake akiwa steji ya bodaboda Kitale, baada ya kununua Bitcoin ya mia moja kujaribu tu. Alinipigia akiwa moto. "Wee, hii kitu imenikula. Nimeweka mia, inanionyesha sufuri." Nikamwambia ahesabu zile sufuri zote mpaka aone namba ingine. Alifika ya tano akachoka. "Sasa mtu atanunua aje mandazi na hii?"

Swali lake si la ujinga. Ni swali ambalo hata watu wanaotengeneza programu za Bitcoin wamelumbana juu yake kwa miaka: je, bei iandikwe kwa vipimo vidogo ambavyo mtu wa kawaida anaweza kutamka? Mimi nimekaa nalo wiki mbili. Na nilipolichimba nikagundua kwamba sisi watu wa Kitale na Bungoma tumeshawahi kuwa ndani ya mjadala huu, miaka mia moja iliyopita, wakati hakuna mtu alikuwa ameota kompyuta. Na hatukutoka salama.

Kwa hivyo leo ni historia. Kaa nami.

Gunia na gorogoro

Ukitoka Kitale ukapitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha ukate kwenda Bungoma, njia nzima ni mahindi. Na mahindi hayo yana bei mbili. Pale ghala la NCPB Kitale bei ni ya gunia, kilo 90. Pale soko la Chwele bei ni ya gorogoro, ile tini ya kilo mbili na kidogo ambayo maisha yake ya kwanza ilikuwa ya mafuta ya kupikia. Gunia moja linatoa gorogoro kama arobaini.

Sijawahi kusikia mama yeyote akisema, "Nipimie sufuri nukta sufuri tano ya gunia." Anasema, "Nipimie gorogoro mbili." Mahindi ni yale yale, hesabu ni ile ile, lakini moja ni lugha ya lori na nyingine ni lugha ya sufuria.

Shida ya binamu yangu ni kwamba alionyeshwa soo yake kwa lugha ya lori. Bitcoin ilivuka dola laki moja kwa mara ya kwanza Desemba 2024. Kwa bei hiyo, Bitcoin moja ni karibu shilingi milioni 13. Ni nani hapa Line Moja ana milioni 13 za kujaribu kitu? Watu wengi niliowauliza wanaamini huwezi kununua kama huna ya kununua nzima, kama vile huwezi kununua robo ya ng'ombe aliye hai. Si kweli. Bitcoin imegawanywa tangu mwanzo katika vipande milioni mia moja, na kila kipande kinaitwa satoshi, kwa jina la Satoshi Nakamoto, huyo asiyejulikana ni nani aliyeandika mpango wake Oktoba 2008 na kuuwasha mtandao wake Januari 2009.

Sasa rudi kwa hesabu. Kwa bei ile ya dola laki moja, satoshi moja ni kama senti kumi na tatu za Kenya. Soo ya binamu yangu ni satoshi 775. Mandazi ya shilingi kumi ni satoshi 77 ama 78. Si hapo umeanza kuelewa? Hakuna kilichobadilika isipokuwa kipimo, na ile kitu imetoka kwa sufuri ikawa mandazi.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali ni ndiyo, bei iandikwe kwa vipimo vidogo. Lakini nina lakini moja kubwa. Na hiyo lakini iko ndani ya historia ya mfuko wako.

Pesa lilikuwa jina la kitu kidogo

Anza na neno lenyewe, pesa. Leo pesa ni pesa zote. Zamani pesa ilikuwa kipande kimoja kidogo sana. Fedha ya biashara pwani ilikuwa rupia ya Uhindi, na rupia moja ilikuwa na pesa 64. Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa sarafu zake za pesa za shaba mwaka 1882. Kampuni ya Waingereza iliyopewa kutawala pwani yetu, Imperial British East Africa Company, ikatoa zake zenye jina la Mombasa na mwaka 1888. Wajerumani upande wa Tanganyika nao wakatoa pesa kuanzia 1890, wakaziacha walipoleta heller mwaka 1904.

Rupia ndiyo ilikuwa kubwa. Rupia ndiyo ilikuwa kwa vitabu vya serikali, kwa mishahara ya mafundi wa reli, kwa kodi. Lakini mtu wa kawaida ni nini alishika kila siku? Alishika pesa. Na angalia nani alishinda. Rupia ilikufa, hata watoto hawaijui. Pesa ikameza fedha yote, ikabaki jina la kila kitu. Machi 2007 Safaricom ilipozindua huduma ya kutuma fedha kwa simu, haikuiita M-Rupia. Kile kipande kidogo cha shaba ndicho kilipewa jina la huduma iliyobadilisha nchi.

Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba kutaja vipimo vidogo ni mambo ya watu maskini wasioelewa fedha, mwambie neno "pesa" lenyewe lilitoka huko chini.

Huku kwetu bara mambo yalichukua njia yake. Usisahau kwamba mpaka 1902 sehemu hizi zetu zilihesabiwa kuwa Uganda, ndipo zikahamishiwa upande wa British East Africa. Uganda watu walikuwa wanatumia kauri, zile simbi za baharini. Zilitobolewa, zikafungwa kwa kamba, zikahesabiwa kwa mamia kwa rupia moja. Mwaka 1901 serikali ikakataa kuzipokea kwa kodi. Hapo ndipo kodi ya nyumba ilikuwa inaingia, na ingawa mwanzoni mbuzi na majembe vilipokelewa, mwelekeo ulikuwa mmoja: kila mtu atafute rupia.

Lakini rupia moja ilikuwa kubwa mno kwa soko la ndizi na chumvi. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1905 iliigawa rupia ya huku katika senti mia, badala ya ana na pesa za Uhindi. Na sarafu ndogo zilipokuja, zilikuja na tundu katikati. Senti moja ilikuwa na tundu. Senti kumi ilikuwa na tundu. Mwaka 1908 wakatoa hata nusu senti, kipande kimoja kati ya mia mbili vya rupia, nayo ina tundu. Kwa nini tundu? Kwa sababu watu walikuwa wamezoea kufunga kauri kwa kamba, na nguo za wakati huo hazikuwa na mifuko ya kuweka sarafu.

Kukhu wangu kule Chwele ana kamba kama hiyo mpaka leo. Si ya rupia, ni ya shilingi ya East Africa, senti kumi kumi za shaba, moja imeandikwa 1952. Alinionyesha nilipokuwa nikiuliza maswali haya. Aliivuta kutoka chini ya sanduku akasema, "Hii ilikuwa chumvi, hii sabuni." Hakusema hii ni senti kumi. Alizitaja kwa vitu zilivyonunua. Mimi nadhani hicho ndicho kipimo kizuri: kile ambacho bibi anaweza kukitaja kwa jina la chumvi.

Hii hekima haijaisha. Safaricom ilipoanza mwaka 2000, mshindani wake Kencell alikuwa anatoza kwa dakika. Ukizungumza sekunde kumi, umelipa dakika nzima. Safaricom wakatoza kwa sekunde. Mtu akapiga simu, "Nimefika Webuye," akakata, akalipa alichotumia. Kisha kadi za Bamba zikashuka kutoka mamia mpaka za mbao na za kumi. Kila mtu anajua nani alibaki juu. Hata leo kutuma shilingi mia moja ama chini yake kwa M-Pesa hakuna ada. Nchi hii, ukitaka kitu kishike, kikate kidogo.

Mpaka hapo mambo ni matamu. Sasa sikiliza upande wa pili.

Senti iliyokonda

Rudi mwaka 1919. Vita vya kwanza vimeisha. Huku Trans Nzoia wanajeshi wa Kizungu wanagawiwa mashamba chini ya ule mpango wa askari walowezi. Kitale yenyewe haina reli bado, itafika 1926. Wanalima mahindi, wanajaribu kitani, wanakopa benki. Na vijana kutoka Bungoma, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya North Kavirondo, wanavuka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba hayo, kwa rupia chache kwa mwezi, ili wapate kodi.

Shida ikatoka mahali hakuna mtu wa shamba aliangalia. Rupia ilikuwa ya fedha halisi, madini ya fedha. Kabla ya vita rupia moja ilikuwa sawa na shilingi moja na peni nne za Uingereza, yaani peni 16. Baada ya vita bei ya madini ya fedha duniani ikapanda, na rupia ikapanda nayo. Mwaka 1920 serikali ikaamua kuifunga rupia kwenye shilingi mbili za Uingereza, yaani peni 24. Kwa mlowezi aliyeuza mazao yake London na kulipwa kwa pauni, ilikuwa balaa. Deni lake la benki lilikuwa kwa rupia, na mshahara wa wafanyakazi wake ulikuwa kwa rupia. Vyote vikawa vizito kwa nusu nzima zaidi, yeye akiwa hajalala wala hajaamka.

Ndipo sarafu zikaanza kubadilishwa kama shati. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilikuwa imeundwa mwishoni mwa 1919, makao yake London. Mwaka 1920 ikaleta florini. Florini moja sawa na rupia moja, senti mia. Haikukaa. Mwaka 1921 sarafu za shilingi zikaanza kutengenezwa, na florini moja ikawa shilingi mbili. Shilingi nayo ikagawanywa katika senti mia.

Simama hapo. Soma tena sentensi hiyo ya mwisho.

Rupia ilikuwa senti mia. Florini ilikuwa senti mia. Shilingi, ambayo ni nusu ya florini, nayo ni senti mia. Kwa hivyo senti ya shilingi ni nusu ya senti ya rupia. Jina ni lile lile, senti. Tundu ni lile lile katikati. Rangi tu ndiyo ilibadilika, za zamani nyeupe, mpya za shaba. Uzito wake wa sokoni umekatwa mara mbili.

Kwa haki, mtu mwenye senti mia moja za zamani alistahili kupata senti mia mbili mpya. Lakini walikuwako, hasa upande wa walowezi, waliotaka senti ipite kama senti: leta moja, chukua moja. Wewe fikiria ni nani alikuwa ameweka akiba yake kwa senti. Si benki. Si mlowezi, yeye deni lake na mali yake vilikuwa kwa rupia na pauni. Ni yule mama mwenye kamba chini ya sanduku. Kwa mpango huo nusu ya kamba yake ingepotea bila mtu kuigusa, bila askari, bila mwizi, kwa sababu tu neno moja lilibaki huku maana yake ikikonda.

Na ujanja wa neno haukuishia kwa sarafu. Kama shilingi ingechukua nafasi ya rupia kwenye masikio ya mfanyakazi, "nilikulipa tano, nakulipa tano," mshahara ungekuwa umekatwa nusu. Mwishowe walowezi hawakuhitaji hata kuficha. Mwaka 1921 waliazimia kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Fanya hesabu uone vile ilipangwa: peni 24 ukitoa theluthi unabaki na 16. Hapo hapo rupia ilipoanzia. Hasara ya sarafu ilichukuliwa kutoka kwa vitabu vya mlowezi ikawekwa mgongoni mwa mfanyakazi. Na wakati huo huo kodi ilikuwa imepandishwa kutoka rupia 5 hadi 8, ambazo kwa fedha mpya ni shilingi 16.

Watu waliona. Nairobi, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu kwenye ofisi ya Hazina, Harry Thuku, akaanzisha East African Association mwaka 1921. Malalamiko yalikuwa kipande, kodi, mashamba, na huko kukatwa kwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye watu waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Huku Nyanza, Desemba 1921, mkutano wa Lundha ulizaa Young Kavirondo Association, watu wakaiita Piny Owacho, na kati ya madai yao ilikuwa kodi ishuke na kipande kiondolewe. Mwaka 1922 kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Mimi shuleni nilisomeshwa Harry Thuku na kipande. Hakuna siku mwalimu alituambia kwamba nyuma ya hasira ile kulikuwa pia na swali la kipimo: rupia ni ngapi, florini ni ngapi, senti hii ni ile senti?

Sasa rudi kwa simu

Turudi kwa Bitcoin, na utaona kwa nini nimekuzungusha mpaka Trans Nzoia ya 1921.

Mapendekezo ya kupunguza zile sufuri ni kama matatu. La kwanza ni kutumia satoshi, basi. Hili limeshaanza kushika Afrika. Kuna huduma inaitwa Machankura, iliyoanzishwa 2022 na Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini, ambayo inatuma Bitcoin hata kwa mulika mwizi, bila intaneti, unabonyeza nyota na namba kama vile unaangalia salio. Huwezi kuweka sufuri saba kwenye kioo kidogo kama kile. Inabidi uhesabu kwa satoshi.

La pili ni la mwaka 2017, lililoandikwa na Jimmy Song: tuhesabu kwa "bit", ambayo ni satoshi mia moja. Kwa bei ile yetu, bit moja ni kama shilingi kumi na tatu. Si mbaya. Ni kama kuchagua kati ya gorogoro na debe.

La tatu ndilo linaninyima usingizi. Mwaka 2025 John Carvalho alipendekeza kwamba tuache maneno yote haya. Kile kipande kidogo kabisa, tunachokiita satoshi, ndicho kiitwe bitcoin. Yule aliyekuwa na Bitcoin moja, simu yake imwonyeshe bitcoin milioni mia moja. Nukta ife, sufuri zife. Badala ya kusema Bitcoin zitakuwa milioni 21 pekee, tuseme zitakuwa trilioni 2,100. Kitu ni kile kile, hakuna mtu anapoteza.

Nataka niwe mkweli kwa upande huo, kwa sababu hoja zao si za mchezo. Wanasema jina satoshi linachanganya mgeni, anadhani ni sarafu nyingine. Kweli, binamu yangu aliniuliza, "Hiyo satoshi ni ya Wachina?" Wanasema pia kwamba ile imani ya "siwezi nunua, ni milioni 13" itakufa siku moja. Hiyo nayo ni kweli. Na wanasema programu itabadilisha hesabu yenyewe kwa kila mtu kwa wakati mmoja, si kama 1921 ambapo kulikuwa na serikali ya kikoloni upande mmoja na mama mwenye kamba upande mwingine. Hata hiyo nakubali. Hakuna mlowezi hapa wa kukuambia leta moja, chukua moja.

Lakini programu haibadilishi masikio. Huku Bungoma neno Bitcoin tayari lina uzito. Mtu ambaye hajawahi kuigusa anajua Bitcoin ni mamilioni. Aliisikia kwa redio, aliisikia kwa matatu. Sasa neno hilo hilo libebe kitu cha senti kumi na tatu, na katikati ya mwaka huo wa mchanganyiko atokee kijana mwenye suti hapo Kanduyi, amwambie mwalimu mstaafu: "Mwalimu, nakuuzia Bitcoin elfu moja kwa shilingi elfu kumi tu. Angalia kwa simu, si umeona imeandikwa Bitcoin elfu moja?" Na kwa simu itakuwa imeandikwa hivyo kweli. Hakuna uwongo hata herufi moja. Thamani yake kwa bei ile ni kama shilingi 130. Shilingi 9,870 zimekwenda, na yule kijana hajavunja hata kufuli.

Hiyo ndiyo senti ya 1921. Jina limebaki, uzito umebadilika, na anayelipa tofauti ni yule aliyekuwa mbali na meza wakati wa kuamua.

Kidogo si lazima kiwe rahisi

Na kuna upande mwingine wa vipimo vidogo ambao lazima niuseme, juu umeshaingia nyumbani kwetu. Binamu yangu huyu, kabla ya hii Bitcoin ya soo, alishawahi kuliwa elfu sita. Kuna kundi la simu lilikuwa linauza koini fulani ya bei ya chini sana, chini ya senti. Kwa elfu sita alipata milioni tatu za hizo koini. Milioni tatu! Alitembea Kitale kama mbunge. Alikuwa ameshapiga hesabu: ikifika shilingi moja tu, yeye ni milionea mara tatu. Kundi likafungwa usiku mmoja, na milioni tatu zake bado anazo mpaka leo, hazina wa kuzinunua.

Ule mtego unafanya kazi kwa sababu namba kubwa inapendeza, na bei ndogo inaonekana kama bado ina nafasi ya kupanda. Hata kwa koini zinazojulikana watu hujidanganya hivyo hivyo. Shiba Inu ilianza 2020 ikiwa na koini elfu moja trilioni. Zilizobaki mikononi mwa watu ni karibu trilioni 589. Mtu akikuambia itafika dola moja, chukua hizo trilioni 589 uzidishe kwa dola moja. Uchumi wa dunia nzima kwa mwaka ni kama dola trilioni mia moja. Unaona vile hiyo ndoto inahitaji dunia sita?

Kwa hivyo satoshi kuwa senti kumi na tatu hakuifanyi Bitcoin kuwa ya bei rahisi. Bei ya gunia ikipanda, gorogoro inapanda nayo. Kipimo kidogo kinakusaidia kuelewa unacholipa. Hakikupunguzii bei, na hakikuambii kama hiyo bei ni nzuri. Mtu akikuuzia udogo kama faida, kimbia.

Ninachotaka

Sasa nimalize. Tangu Oktoba 2025 Kenya ina sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, na Benki Kuu pamoja na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndio wamepewa kuzisimamia hizi biashara. Hapo nyuma, Desemba 2015, Benki Kuu ilikuwa inatuonya tu tusiguse. Kwa hivyo kanuni zinaandikwa katika kipindi hiki hiki, na mimi nina maombi matatu madogo.

Moja, bei iandikwe kwa satoshi na kwa shilingi, pamoja, kwenye kioo kimoja. Bangla-Pesa ya kule mtaa wa Bangladesh, Mombasa, mwaka 2013 ilieleweka haraka kwa wauza mboga kwa sababu vocha moja ilihesabiwa sawa na shilingi moja. Hakuna aliyehitaji kalkuleta. Watu wa polisi waliwakamata waanzilishi, na baadaye kesi ikaondolewa, lakini sokoni hesabu yenyewe haikuwa na shida.

Mbili, kipimo kipya kipewe jina jipya. Kama satoshi halipendezi, tutaliita kitu kingine, sisi hatujawahi kukosa majina. Noti ya mia tano tuliiita jirongo miaka ya tisini, kwa jina la Cyrus Jirongo wa YK'92, bila kuomba ruhusa kwa Benki Kuu. Senti tano ikawa ndururu. Senti hamsini ikawa thumuni, neno la Kiarabu la sehemu ya nane, la tangu enzi za riale. Neno geni halituui, hata pesa ilikuwa neno geni. Kinachotuua ni neno la zamani lililobadilishwa tumbo.

Tatu, yeyote anayekuuzia akuambie kwa mdomo wake: moja ya hii ni ngapi ya ile kubwa, na zote ziko ngapi.

Jumamosi nilimsindikiza kukhu Chwele kununua mahindi. Kila mtu pale anajua ule mchezo wa gorogoro: unaibonyeza kitako kwa nyundo, inaingia ndani, kwa macho ni gorogoro, kwa unga umepunjwa. Kukhu hakusema kitu. Kabla ya kupimiwa alichukua ile tini, akaigeuza juu chini, akapitisha kidole kwenye kitako, akairudisha. Kisha akasema, "Haya, mama, pima sasa."

Nimemtumia binamu yangu hii yote asome. Amejibu kwa sauti, sekunde nne: "Kwa hivyo ile mia yangu iko?"

Iko, bro. Ni satoshi 775. Kama bei haijashuka.